"Ni Katuni Tu"? Hapana!

Wapo wanaoilaumu hadi leo filamu ya Aladdin ya mwaka 2019, iliyochezwa na watu halisi. Wanasema katuni ya 1992 isingeguswa, kwani hakuna Jini kama yule wa Robin Williams. Kwa vichekesho, nakubali. Lakini mmesahau wimbo wa mwanzo? Uliwafundisha watoto kuwa nchi ya Waarabu ni mahali pa kukatana masikio ovyo! Waarabu wa Marekani walilalamika, na mwaka 1993 maneno hayo yakabadilishwa kwenye kanda za video. Neno lililoiita nchi hiyo ya kishenzi likabaki. Filamu mpya ndiyo iliyoliondoa, miaka 26 baadaye.

Sasa anayesema "ni katuni tu" atujibu: kama halikuwa jambo, mbona walibadilisha? Kitu kupendwa si kwamba hakina kosa. Mzazi, keti na mwanao, mtazame zote mbili, kisha umuulize: "Hivi ndivyo Waislamu unaowajua walivyo?" Mkiona kosa, semeni. Ukimya haujawahi kufuta hata neno moja.

Wabillahi tawfiq.