Faili Lisilotaja Ugonjwa wa Akili
Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliopitia kumbukumbu za matibabu za watu 5,894 waliojiua kati ya 2000 na 2010, ulibaini kwamba asilimia 83 kati yao walipata huduma ya afya katika mwaka wa mwisho wa maisha yao, ilhali takriban nusu hawakuwa na utambuzi wowote wa ugonjwa wa akili, yaani jina la ugonjwa lililoandikwa na tabibu kwenye faili. Kwa hiyo kuitegemea hospitali ya wagonjwa wa akili peke yake ili kuzuia vifo hivyo ni kuwasubiri watu mahali ambapo wengi wao hawafiki, kwa kuwa wengi huonana na daktari wa kawaida au bingwa wa maradhi ya mwili. Haifuati kwamba madaktari hao walizembea, maana hakuna dodoso linaloweza kutabiri kwa uhakika nani atajiua. Hata hivyo, kumuuliza mgonjwa waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo, hofu ambayo bado huwafunga midomo watabibu wengi.

Kisiwani Gotland, Uswidi, madaktari wa kawaida walifundishwa mwaka 1983 na 1984 kuitambua na kuitibu sonona, ambayo ni huzuni nzito ya muda mrefu inayomwondolea mtu hamu ya maisha, na idadi ya waliojiua ikapungua. Lakini miaka michache baadaye, mafunzo yalipokoma na baadhi ya madaktari kuhama, nafuu hiyo ilififia.