Hadithi za watoto ziingie garimoshi



Natoa maoni yangu kuhusu maktaba zetu na usafiri wa umma, mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yangefaa kukutana.

Likizo iliyopita nilisafiri na mjukuu wangu wa darasa la tatu kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Safari hiyo huchukua zaidi ya saa tatu. Tulipopita Pugu alikwisha choka kutazama dirishani, akaomba simu. Nikamwambia, "Paukwa!" Akajibu, "Pakawa!" Nikaanza hadithi ya sungura na fisi. Tulipofika Morogoro walikuwa wamenizunguka watoto watano nisiowajua. Kisha mama mmoja akaniuliza, "Mzee, hadithi hizi zimo katika kitabu gani nikamnunulie mwanangu?" Sikuwa na jibu, wala sikuwa na kitabu.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Sisi tuliokua miaka ya 1970 tulikuwa na kipindi cha "Mama na Mwana" cha Redio Tanzania. Hadithi ilitufuata nyumbani. Lakini mtoto anayesikia hadithi asione kitabu, amepata nusu tu. Mjukuu wangu husikiliza vizuri sana, ila akipewa ukurasa mmoja asome, hukwama.

Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na ina sehemu ya watoto. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 huikata barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako maktaba hiyo ipo. Nakiri kwamba nimepita hapo miaka yote hiyo bila kushuka na mtoto hata siku moja. Si kwa dharau. Maktaba humngoja mtu mwenye nafasi, nasi tunaoishi mbali na mjini nafasi hiyo hatuna. Lakini ndani ya treni tunayo, tena tumeketi na watoto wetu.

Kwa hiyo nashauri Bodi ya Huduma za Maktaba na Shirika la Reli washirikiane. Siku za Jumamosi na wakati wa likizo, behewa moja litengwe kwa familia, awepo mkutubi mmoja na kikapu cha vitabu vya Kiswahili. Asome kwa sauti, kisha watoto wapokezane kusoma. Kazi hiyo inaweza kuanzia hata katika ukumbi wa abiria, maana tunatakiwa kufika mapema.

Wapo watakaosema abiria wanataka kupumzika. Ndiyo maana nimesema behewa moja, na anayetaka utulivu aketi lingine. Wengine watasema vitabu vitapotea. Vikusanywe kabla ya kushuka, na kila mzazi aelekezwe ilipo maktaba ya mkoa, Morogoro au Dodoma, mtoto akaendelee huko. Katika mabasi ya mwendokasi asubuhi jambo hili haliwezekani, kwani hata pa kuweka mguu hapana. Tuanze panapowezekana.

Kumfuata msomaji alipo si jambo geni. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 1996 shirika lao la maktaba lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, ili kuwafikia wafugaji. Kama ngamia aliweza kubeba vitabu, sembuse treni ya umeme?

Gharama ya jambo hili si jengo jipya. Ni mtu mmoja, kikapu kimoja na makubaliano ya ofisi mbili. Nawaomba wahusika walifikirie kabla ya likizo ijayo, ili mzazi mwingine akiuliza kitabu kiko wapi, aonyeshwe.

Babu wa Wajukuu,
Kimara, Dar es Salaam.