Picha za wana-Kongo kule Copenhagen: uso uko, jina linatoka wapi?

Mule Copenhagen, katika jumba la makumbusho la Statens Museum for Kunst, kuko picha tatu za rangi ya mafuta za karne ya 17. Ya kwanza ni ya mwanaume mwenye kofia pana yenye manyoya mekundu, na upanga kiunoni. Anaitwa Dom Miguel de Castro, balozi wa Kongo. Zingine mbili ni za vijana watumishi wake: mmoja anashika pembe ya tembo, mwingine kisanduku cha kupambwa. Wanatajwa kuwa Pedro Sunda na Diego Bemba.

Kwa miaka mingi wataalamu walisema ni kazi ya Albert Eckhout, mchoraji Mholanzi aliyefanya kazi Brazili. Leo wanamtaja Jaspar Beckx, wa muji wa Middelburg, Uholanzi, ambako ujumbe huo ulifika mwaka wa 1643. Kama jina la mchoraji lilibadilika hivyo, maandishi ya chini ya picha nayo yanafaa kuchunguzwa.

Chukua ile "balozi wa Kongo". Dom Miguel hakutumwa na mfalme Garcia II. Alitumwa na mtawala wa Soyo, Daniel da Silva, ambaye alikuwa anagombana na mfalme huyo. Soyo iko kwenye mdomo wa muto Kongo, leo ni Angola. Waholanzi walikuwa wameisha kuteka Luanda mwaka wa 1641, na kila upande ulitaka kuwavuta kwake. Kwa hiyo huyu ni mwanasiasa katikati ya mugogoro, si mugeni tu wa kuvaa vizuri. Neno moja, "Kongo", linaficha ugomvi wote.

Kwa watumishi ni ngumu zaidi. Majina yao yamebaki, lakini neno lao hata moja hatuna. Wenyewe wanaonekana kama wabebaji wa bidhaa, wakati ambapo Waholanzi walitafuta pembe za tembo na watumwa.

Mwaka wa 1654, Johan Maurits, aliyekuwa gavana wa Brazili ya Waholanzi, alizitoa zawadi kwa mfalme Frederik III wa Denmark.

Hapa mjadala wa kurudisha mali unapata sura ingine. Picha hizi hazikuporwa Afrika, zilichorwa Ulaya. Kinachoweza kurudishwa njo historia: nani alimtuma, kwa nini alisafiri, na nani alibeba mizigo yake. Kazi hiyo haingoji ndege wala mkataba. Walimu wa historia wa kwetu wanaweza kuianza darasani.