Asiyetaka Kuulizwa Asichangishe

Sijui kauli iliyowanenepesha matapeli wa michango kuliko hii: "Wewe toa tu. Kama anadanganya, dhambi ni zake." Utaisikia kwa bibi, kwa jirani, kwa ustadhi na kwa mwinjilisti. Imevikwa kanzu ya ucha Mungu, hivyo anayethubutu kuihoji huonekana bahili au mtu mwenye roho mbaya. Nami nasema kauli hiyo ni uvivu mtupu, na anayeulipia uvivu huo si yule aliyetoa.

Wakazi wa Dar es Salaam wanawajua watu ninaowasema, na huwaona zaidi Ramadhani na Desemba. Hodi hupigwa saa nne asubuhi, wenye nyumba wakiwa kazini, amebaki bibi au dada wa kazi. Mlangoni amesimama kijana aliyechomekea, kitambulisho kinaning'inia shingoni, mkononi ana barua yenye mhuri iliyotiwa laminesheni na picha za watoto waliopangwa mstari mbele ya nyumba isiyo na kibao. Mhuri wa mpira unachongwa na fundi yeyote wa mjini, na laminesheni ipo kila steshenari, kwa hiyo barua ile inathibitisha tu kwamba mwenye nayo alipita steshenari.

Kisha linatolewa daftari, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Ukurasa umejaa majina na kiasi: Mama Nasra 20,000, Mzee Kimaro 50,000, Baba Junior 10,000. Nani aliyaandika majina hayo, hujui. Unatazama elfu mbili yako, unaona aibu, unaongeza iwe elfu tano. Ukisita, unakumbushwa kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Huruma yako haikuguswa popote. Zilizochangishwa ni haya zako.

Kosa letu kubwa ni kuwachanganya watu wawili. Yupo anayejiombea: kipofu wa barabarani, mama aliyekwama stendi na mtoto mgongoni. Huyo mpe au usimpe, shida yake iko mbele ya macho yako na hana hesabu ya kukutolea. Na yupo anayewaombea wengine wasiokuwapo. Huyu ni wakala. Anabeba mali isiyo yake kuwapelekea watu ambao wewe huwaoni. Ukimtuma mwanao dukani na noti ya elfu kumi, akirudi utamwuliza chenji, na hakuna atakayesema humpendi mwanao. Inakuwaje mtu usiyemjua jina aondoke na mali ya yatima bila swali hata moja?

Wanaoishika kauli ile husema wanafuata dini. Dini ipi? Kurani, katika Sura ya Tauba aya ya 60, inataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na wakusanyaji wake ni fungu mojawapo. Kukusanya, basi, ni kazi yenye watu wake, si uwanja wa kila apigaye hodi. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume alimtuma mtu wa kabila la Azd kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali: hii yenu, hii nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari na kumkemea mbele za watu, akiuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata. Na Paulo, alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, alitaka wateuliwe watu wa kuupeleka mchango, tena wakiwa na barua, na katika waraka wa pili akaeleza kuwa anajihadhari mtu asije akamlaumu juu ya fedha hizo. Mtume Paulo mwenyewe hakutaka kuaminiwa hivi hivi.

Atatokea wa kunikumbusha ile hadithi ya mtu aliyetoa sadaka usiku ikaangukia kwa mwizi, siku nyingine kwa mzinzi, na nyingine kwa tajiri, na bado akaambiwa imekubaliwa. Naijua. Lakini mtu yule hakujua. Hadithi hiyo inamfariji aliyekosea bila kujua. Haimpi ruhusa yule aliyeshuku akanyamaza ili aonekane mwema.

Sasa tumtazame anayelipa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe. Kituo cha kwenye daftari hakina habari na mkaguzi wala na sufuria ya uji, picha zinakitosha. Na pale ambapo watoto wapo kweli, hatari huzidi. Mtoto akishageuzwa chambo, mwenye kituo hana sababu ya kumrudisha kwa shangazi aliye tayari kumlea. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya watoto wanaoitwa yatima vituoni wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Huenda elfu tano uliyotoa ili usionekane mbaya ndiyo inayomweka mtoto huko. Na kile kituo chenye leseni na hesabu safi kinapokuja kugonga, kinakuta mlango umefungwa: "Hapa walishapita wenzenu."

Wala asidhani mtu kuwa cheo kinatosha kuwa dhamana. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, michango ilimiminika kutoka kila upande. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa mkoa huo na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, ikielezwa kuwa ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Ikiwa wenye ofisi na mihuri halali waliulizwa, mgeni wa mlangoni ana kinga gani?

Basi aulizwe. Asikaribishwe ndani, azungumzie mlangoni. Kituo kiko mtaa gani, kimesajiliwa wapi, na ni mwenyekiti au mtendaji yupi aliyemruhusu kuchangisha katika mtaa huu, si kule alikotoka. Tumpigie mwenyekiti wetu kwa namba tuliyonayo wenyewe. Ile iliyoandikwa kwenye barua inaweza kupokelewa na mwenzake. Akitaka atumiwe kwa simu, tusome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na likiwa jina la mtu badala ya la kituo, tuishie hapo. Kisha tumwambie: "Kaka, tuachie anwani, Jumamosi tutakuja kituoni wenyewe na mchele." Mkweli atafurahi, maana anayefika na kuwaona watoto hurudi tena. Tapeli atakwambia watoto wana njaa sasa hivi na pesa taslimu ndiyo inayotakiwa. Dada wa kazi naye aambiwe mapema kuwa mchango hautolewi mpaka mwenye nyumba arudi, asije akabeba lawama peke yake.

Ila kuhoji si kupiga yowe la mwizi. Tunajua yanayofuata yowe hilo: tairi, petroli, na gazeti la kesho yake likiandika "wananchi wenye hasira kali". Unayemshuku mpeleke kwa mjumbe au serikali ya mtaa, au waite polisi. Huenda ni mkweli aliyekuja bila karatasi, na hata akiwa tapeli, adhabu yake haiko mikononi mwa wapita njia.

Masheikh na mapadri nao wana deni. Wasitoe barua za utambulisho zisizo na tarehe ya mwisho wala namba ya kupiga kuhakikisha, na waseme waziwazi Ijumaa na Jumapili kuwa kumwuliza mchangishaji hakupunguzi thawabu. Sadaka ni ya mhitaji. Aliyeishika njiani ni mbebaji tu, na mbebaji anadaiwa hesabu. Asiyetaka kuulizwa asichangishe.