Mafundi watuambie ukweli kuhusu diski

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini hapa kijijini kwetu limeleta hasara isiyolipika. Jambo lenyewe ni kuhamisha kumbukumbu kutoka diski nyingi ndogo za kompyuta kwenda diski chache kubwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Dodoma. Tangu mwaka 2015 ninayo nyumbani kompyuta kuukuu niliyoigeuza ghala. Haina skrini wala kibodi. Imeungwa kwa waya kwenye ruta, na aliyemo nyumbani mwangu anaweza kuweka au kuchukua kilichomo kwa simu yake. Ndani yake zilikuwamo diski tano, kila moja ya terabaiti 1. Nilianza na mitihani ya miaka iliyopita. Baadaye majirani wakaleta picha na video za harusi na za mazishi, maana simu zao zilikuwa zimejaa, nami sikumkatalia mtu. Kisha nikaanza kurekodi sauti za wazee wakieleza walivyohamishwa wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971: nani alibomoa nyumba yake mwenyewe, nani alibebwa na lori, mahindi yaliachwa wapi. Zilifika rekodi 41. Wengi wa wazee hao sasa ni marehemu.

Kwa wasiofahamu, diski tano zilizofungwa pamoja namna ile hazikupi terabaiti 5 bali 4, kwa kuwa nafasi ya diski moja huwekewa kinga. Mimi hueleza kwa hesabu ya watoto wadogo. Andika ubaoni 7, 4, 9 na 2, halafu jumla yake, 22. Mtoto akifuta namba moja, iwayo yote, utaipata kwa kutoa. Akifuta mbili, huwezi tena. Kompyuta haijumlishi hivyo hasa, lakini maana ni hiyo hiyo. Mafundi huita safu hiyo reidi.

Utaratibu huu haukuzuka juzi. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley waliandika wakitetea kwamba diski ndogo nyingi za bei nafuu, zikifungwa pamoja, zinaweza kuishinda diski moja kubwa ya gharama. Diski ndogo waliyoitolea mfano ilikuwa ya megabaiti 100. Leo diski moja ya terabaiti 8 hubeba mara 80,000 ya hiyo. Kwa hiyo siwapingi wanaosema kwamba mtu wa nyumbani apunguze idadi. Diski ikizunguka hula wati 6 hivi. Tano ni wati 30, mbili ni 12, na tofauti hiyo usiku na mchana kwa mwaka mzima inakaribia uniti 158. Uniti hizo nazinunua kwa mshahara wangu. Tena kila diski unayoongeza ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kufa.

Basi mwaka 2024 nikajikusanya nikanunua diski mbili za terabaiti 8 ili ziwe pacha, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye ya pili. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kompyuta yangu ina matundu sita ya kuchomekea diski, na yote yalikuwa yamejaa. Njia salama ilikuwa kuziweka diski mpya katika kompyuta nyingine na kunakili kupitia ruta. Lakini ruta yangu ni ya zamani, mwendo wake ni megabiti 100 kwa sekunde, na kumbukumbu zilikuwa terabaiti 2.6. Zingechukua zaidi ya saa 60. Fundi niliyemwita kutoka mjini alicheka. Akasema tuchomoe diski moja ya zamani, tuweke mpya mahali pake, na kufikia asubuhi kazi itakuwa imekwisha, kwani reidi inaruhusu kukosa diski moja. Ile aliyoichomoa akaifuta palepale ili niimpe kama sehemu ya malipo. Nilikubali, na sehemu ya lawama ni yangu.

Alilosema lilikuwa kweli, ila alisema nusu yake. Tangu dakika ile namba moja ilikuwa imekwisha kufutwa ubaoni, na zile nne zilizobaki, zenye umri wa miaka tisa, zikatakiwa kusomwa mfululizo usiku kucha kuliko zilivyopata kusomwa. Saa tisa usiku moja ikakata roho. Kompyuta ilikuwa inanakili folda kwa kufuata alfabeti. Harusi zilipita, Mazishi yakapita, Mitihani ikapita. Folda ya Wazee ilikuwa ya mwisho.

Zimebaki rekodi 6, ambazo kwa bahati nilikuwa nimempa kwa flashi kijana mmoja niliyemfundisha zamani.

Ndugu Mhariri, ninachowalaumu mafundi na wauzaji ni usemi wao kwamba mwenye reidi hana haja ya akiba. Reidi hukinga kifo cha diski tu. Mtoto akifuta faili, linafutika kwenye pacha zote mbili papo hapo. Radi ikipiga au mwizi akibeba kompyuta, vyote vinakwenda pamoja. Akiba ni nakala iliyo mbali, kwa jirani au ofisini, isiyoguswa ghala linapofanyiwa kazi. Na kwa mtu anayehamia diski kubwa akiba hiyo ni bure, kwa sababu zile za zamani anazo! Asichomoe hata moja mpaka nakala mpya ikamilike na programu ihesabu namba ya ukaguzi ya kila faili pande zote mbili na kuona zinalingana. Hata kama ni saa 60, na zipite. Baada ya hapo diski kuukuu zilizo nzima zigawiwe folda, zifungwe kwenye mfuko mkavu, zikakae nyumba nyingine.

Wauzaji nao watuandikie kwenye risiti mambo mawili. La kwanza, saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi. Diski yenyewe huzihesabu, na kuzisoma ni kazi ya dakika moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumuuzia mtu kuukuu kwa jina la mpya. La pili, namna inavyoandika. Zipo diski ambazo mistari yake hupandiana kama mabati ya paa, na ukitaka kubadili mstari mmoja lazima iandike upya na ya jirani. Hizo hufaa kwa akiba, lakini katika reidi hukokota vibaya inapojengwa upya. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ililazimika kutaja hadharani ni zipi kati ya diski zake za aina ya Red zinazoandika hivyo, baada ya wanunuzi kulalamika. Kama wanunuzi wa huko waliachwa gizani, itakuwaje kwa sisi wa vijijini?

Najua wapo watakaosema mwalimu wa kijijini terabaiti ni za nini wakati madawati hayatoshi. Madawati tunayadai, na tutaendelea kuyadai. Lakini dawati likivunjika seremala huchonga jingine.

Mwisho, naomba msaada wa wasomaji. Kati ya mwaka 2016 na 2023 watu kadhaa walipita kwangu wakachukua nakala za sauti za wazee wetu, wengine wakiwa wanafunzi wa vyuo waliokuja kufanya utafiti, nami sikuandika majina yao. Aliye nazo, hata kama ni moja, hata kama imekatika katikati, namwomba aniletee au anitumie kupitia shuleni. Flashi nitanunua mimi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Dodoma.