Watoto Watatu, Tiketi za Watoto Mbili: Hii Safari ya Dubai ya Staa Wetu Ina Walakini

Habari ya mjini wiki hii ni staa mmoja wa Bongo Fleva aliyetangaza Insta kwamba Desemba "familia nzima" inatua Dubai. Kaposti masanduku mapya ya watoto, kaposti fulana za kufanana zenye majina mgongoni, na kila asubuhi anahesabu siku zilizobaki. Mashabiki wamemwaga makopa. Hongera zake. Kumpandisha mtoto ndege si dhambi, na hela ni yake.

Shida ni hilo neno "familia nzima". Wanaomfuatilia tangu zamani wanajua ana watoto watatu. Wawili kazaa na mwanamke anayeishi naye sasa. Wa kwanza, binti wa miaka tisa, anaishi na mama yake upande wa pili wa jiji. Kwenye fulana jina lake halipo, na tiketi yake haipo. Shabiki mmoja alipouliza, akajibiwa maneno mawili tu: "Hana pasipoti."

Jamani, mtoto wa miaka tisa haendi Uhamiaji peke yake kujaza fomu. Mwenye kazi ya kuhangaika na cheti cha kuzaliwa, picha na ridhaa ya wazazi ni mzazi. Ada ni shilingi 150,000, hela ambayo staa huyu anaimaliza mezani usiku mmoja. Wadogo zake nao hawakuzaliwa na pasipoti mkononi, kuna mtu aliamka asubuhi akawafuatilia. Na safari ya Dubai haipangwi kwa siku mbili. Kuna viza, hoteli, likizo za shule, na pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita kabla ya kuisha. Muda wote huo hakuna aliyeuliza: na dada mkubwa je?

Wapo wanaosema huenda mama mtoto kagoma. Inawezekana kabisa. Watu wakiachana kwa ugomvi hawaaminiani kirahisi, na mama kuogopa mwanawe kuvushwa mpaka si roho mbaya. Lakini hilo linazungumzika. Baba anapiga simu mapema, anataja tarehe ya kwenda na kurudi, hoteli gani, nani atakuwa na mtoto usiku. Mama akikataa bado, baba anakaa na binti yake anamweleza mwenyewe, kabla mashabiki hawajajua.

Wengine wanasema ni bajeti. Sawa, mtoto akishatimiza miaka miwili analipiwa kiti chake, na viti vya watoto watatu si mchezo. Ila kama hela haitoshi wote, Dubai si lazima. Boti ya Zanzibar ipo, Mikumi ipo, treni ya SGR hadi Dodoma ipo. Watoto watatu wakipigana vikumbo kugombea dirisha la treni wataikumbuka hiyo siku hadi uzeeni.

Kinachouma zaidi ni kwamba binti wa miaka tisa si mtoto mchanga. Anashika simu ya mama yake, ana wenzake darasani, na wenzake nao wana wazazi wenye simu. Desemba yote ataona wadogo zake kwenye mabwawa na mateleza ya maji, chini yake imeandikwa "familia ndiyo kila kitu". Januari shule zikifunguliwa ataulizwa, "Mbona wewe hukwenda?" Atajibu nini? Atasema hana pasipoti, kama alivyosema baba yake, huku akijua siyo sababu.

Na hili si la mastaa tu. Mtaani kina baba kibao wana watoto nyumba mbili, na kila sikukuu mmoja anabaki dirishani akisikilizia honi. Tofauti ni kwamba wa mtaani haonwi na mamilioni.

Desemba haijafika. Baba anaweza kumpigia simu mama mtoto leo, akaulizia pasipoti, na ikibidi akasogeza safari hadi likizo ya Juni. Ataposti kwa kuchelewa, lakini fulana zitakuwa na majina yote.

Mdau, wewe unaonaje? Ungeenda na wawili, au ungesubiri wote watatu wawe tayari? Funguka.