Risasi Inajua Mtaa

Kila baada ya maandamano serikali hutoa taarifa ya kusikitishwa na vifo, halafu huahidi uchunguzi. Swali ambalo taarifa hizo hazijibu ni hili: kwa nini mitaa huwa ni ile ile? Mathare, Huruma, Kariobangi, Dandora, Kayole, Majengo ya Pumwani. Hatujasikia mtoto wa Muthaiga akipigwa risasi kwenye roshani ya kwao. Wa Kiamaiko tumemsikia.

Tukumbushane. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, abiria wa feri ya Likoni walirushiwa vitoa machozi na kupigwa marungu, kosa lao ni kupanga foleni wakirudi nyumbani. Siku tatu baadaye, usiku, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, wakati polisi wakitekeleza kafyu hiyo hiyo. Amri ilikuwa ya nchi nzima, lakini rungu na risasi zilichagua pa kwenda.

Jambo hili lina asili yake. Mitaa ya Eastlands ilijengwa na mkoloni ili kuweka vibarua karibu na reli na viwanda, na mbali na Wazungu. Pumwani, ambako Waislamu wa Majengo wamezikana kwa vizazi, ilianza hivyo. Aprili 24, 1954, Waingereza walizingira mitaa hiyo katika Operesheni Anvil, wakaburuza watu nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, na wengi wao wakashushwa kwa reli hadi Mackinnon Road na Manyani. Sisi tunaopita Mackinnon Road na kusimama kumzuru Sayyid Baghali tunapita penye kambi ya watu wa Eastlands, na wengi wetu hatujui.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika na kazi ya polisi ikabaki ile ile: kuwalinda wenye mali dhidi ya wasio nacho. Julai 7, 1990, umati ulipokusanyika uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi, ulipigwa. Mwaka 2017 kituo cha haki cha wakazi wa Mathare kilitoa ripoti iliyohesabu zaidi ya visa 800 vya mauaji ya polisi nchini kati ya 2013 na 2016. Idadi hiyo ni ya miaka ya kawaida, wala hakukuwa na vita.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu hata mabarazani kwetu linasemwa: hao ni wezi. Ni kweli magenge yapo. Mama anayefungua kibanda alfajiri Dandora ananyang'anywa simu na vijana wa mtaa, wala hanyang'anywi na waziri. Machi 2017, video ilipoonyesha askari wa kiraia akiwamiminia risasi vijana wawili Eastleigh mchana kweupe, wapo wafanyabiashara waliompongeza. Siwalaumu. Mtu aliyechoka kuibiwa, na anayejua mahakama inanunulika, humshukuru yeyote atakayemwondolea mwizi.

Lakini tazama anacholipia. Akishakubali askari awe hakimu na mnyongaji, hana tena namna ya kumuuliza siku atakapomkosea. Askari aliyezoea kuua mwizi bila karatasi ataua mwandamanaji bila karatasi, na kesho atamuua mtoto wa yule aliyempongeza. Na wizi hauishi, kwa sababu haukuanzia kwa kijana yule. Ulianzia kwenye mtaa usio na kazi wala maji.

Juni 2024 vijana walisimama kupinga Mswada wa Fedha, uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi kutoka kwa wananchi, huku Shirika la Fedha Duniani, IMF, likishinikiza mapato yaongezwe ili madeni yalipwe. Juni 25 waliingia bungeni, na risasi zikapigwa. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu zaidi ya watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Haya yalifanywa na serikali iliyoingia kwa jina la mahasla.

Siku ile ile, Juni 25, kundi la kwanza la polisi wa Kenya lilitua Port-au-Prince, Haiti, kuleta amani, mfadhili mkuu akiwa Marekani. Mwezi mmoja kabla, Biden alikuwa amempokea Ruto Washington na kutangaza kwamba ataipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu wa kijeshi nje ya NATO. Hapo ndipo utaona mambo yanavyofungamana. Dola kubwa hazina shida na polisi anayeua raia wake, mradi analipa deni kwa wakati na yuko tayari kutumwa. Haiti, kama Kamukunji, ni mahali pa maskini weusi, na wanaotoa fedha hawaishi huko.

Mwaka 2025 ikaongezwa silaha nyingine: wahuni wa kukodiwa. Juni 17 walionekana katikati ya Nairobi wakiwa juu ya bodaboda, mijeledi mkononi, wakiwachapa waandamanaji mbele ya polisi. Hawa ni vijana wasio na kazi kama wale wanaowapiga, na aliyewalipa hakutokea barabarani. Siku ya Saba Saba mwaka huo KNCHR ilihesabu vifo visivyopungua 31. Siku mbili baadaye Rais alisema hadharani kwamba atakayechoma mali ya mtu apigwe risasi ya mguu. Kiongozi wa nchi akishataja kiungo, askari wa Kayole atachagua mwenyewe pa kulenga.

Sisi wa Pwani tuna nini cha kusema? Tuna mengi. HAKI Africa ilikusanya visa 81 vya mauaji na kupotezwa kwa watu Pwani kati ya 2012 na 2016. Masjid Musa, katika Majengo yetu ya Mombasa, ilivamiwa Februari 2, 2014. Miezi miwili baadaye Makaburi aliuawa Shanzu, na wiki hiyo hiyo Eastleigh ikazingirwa, maelfu wakakamatwa na wengi kufungiwa uwanja wa Kasarani. Nairobi wengi walisema hao ni magaidi, wakaendelea na shughuli zao. Sasa vijana wao wanaitwa magaidi kwa kuandamana, na baadhi yetu tunalipa kisasi kwa kunyamaza.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Majengo ya Pumwani na Majengo ya Mombasa zimenyolewa kwa wembe mmoja. Agosti 2027 wagombea watakuja kwa misafara kuomba kura kote kuwili. Kila mmoja aulizwe mbele ya watu: kamanda gani, si askari wa chini, amewahi kushtakiwa kwa damu hii, na nani analipa wahuni? Asiyeweza kujibu asipewe kipaza sauti, wala msikitini, wala harusini.